Wajukuu Wangu, Pesa Nyingine Iacheni Ichelewe

Wajukuu wangu, na nyote mnaolipwa, mnaouza na mnaonunua kwa simu hapa Machakos, nianze kwa kusema sina ugomvi na simu. Anayewaambia mrudi kutembea na mabunda ya noti mifukoni hawatakii mema. Nimeuza nafaka katika mji huu tangu enzi ambazo pesa ya mume aliyefanya kazi Nairobi ilifika nyumbani ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva wa basi, na si kila mara ilifika kamili. Wengine walitumia mani oda ya Posta, wakapanga foleni nusu siku na kitambulisho mkononi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mama wa Masinga aliacha kusubiri basi la Ijumaa. Mtoto aliye Mlolongo anatuma jioni hii, na kabla ugali haujaiva dawa ya mgonjwa imeshanunuliwa. Hilo ni jambo kubwa, na nawaomba msilidharau, kwa sababu ninyi hamkuijua ile foleni.

Ninalotaka kuwaambia ni moja. Zamani pesa ilichelewa, na katika kule kuchelewa tulipata nafasi ya kufikiri. Simu imeondoa kuchelewa kote. Hilo ni jema kwa dawa, kwa nauli na kwa karo ya mtoto aliyerudishwa nyumbani. Kwa kila shilingi uliyo nayo duniani, si jema hata kidogo.

Chukueni hundi, ambayo wengi wenu hamjawahi kuishika. Nilipokuwa nikipelekea shule maharagwe na mbaazi kwa magunia, nililipwa kwa hundi. Karani aliiandika, mwalimu mkuu akatia sahihi, na mwingine akatia ya pili. Niliipeleka benki, kisha nikasubiri siku kadhaa mpaka pesa ionekane kwenye akaunti. Tangu 2011 benki zetu hutumiana picha ya hundi badala ya karatasi yenyewe, kwa hiyo muda umepungua sana, lakini bado hundi ni ya kungoja. Na aliyeiandika alijua kwamba kutoa hundi isiyo na pesa ni kosa katika sheria ya jinai ya Kenya, lenye kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kwa hiyo alihesabu kwanza, ndipo akaandika. Nami katika siku zile za kungoja, mtu aliyekuja dukani kunishawishi ninunue hiki au nimkopeshe kile aliambiwa ukweli: pesa haijaingia. Mashauri mengi mabaya yalikufa yenyewe kabla hundi haijaiva.

Wazee wetu Wakamba waliijua kanuni hii bila benki. Mali yao ilikuwa ng'ombe. Kumuuza fahali kulihitaji maneno: mke aulizwe, ndugu wasikie, mnyama atembezwe hadi mnadani, na kila mtu njiani aone nani anauza na aulize kuna nini. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwachukua ng'ombe wa Machakos na kuwauza kwa bei ya chini, ikidai kwamba mifugo imezidi na inaimaliza ardhi, kila boma liliona mnyama wake akitoka. Kiongozi wa Wakamba, Muindi Mbingu, alipowaita watu, maelfu walikwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma wakidai mali yao. Yeye alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini ng'ombe walirudishwa. Mali inayoonekana ikitoka hupata watetezi. Leo kijana anaweza kupoteza thamani ya ng'ombe mzima usiku mmoja, chini ya blanketi, akibeti kwa simu, na mke aliyelala kando yake asijue mpaka siku ya kulipa kodi ya nyumba.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Kifaa kilicho na mshahara wako ndicho kilicho na kampuni ya kubeti, ndicho kilicho na mkopeshaji, na ndicho anachopigia tapeli. Wote wako ndani ya mfuko mmoja, na wote wanafikiwa kwa kidole kile kile. Zamani ulipotaka kukopa ulivaa vizuri, ukaenda kwa mtu, ukamtazama usoni ukaeleza. Sasa unakopa ukiwa umekasirika, au umelewa, au una njaa, na hakuna anayekuuliza neno.

Nawapa mfano wa jirani yangu, binti anayeuza maparachichi kando ya barabara. Ana bidii. Jioni moja mteja alimlipa shilingi 300 kwa namba yake ya kawaida. Ujumbe ukaingia, naye akanionyesha kwa masikitiko: pesa imepokewa, na salio ni sufuri. Siku zilizotangulia alikuwa ametumia Fuliza, ile huduma iliyoanza 2019 inayokukamilishia malipo pale salio lako lisipotosha. Fuliza hujilipa kwanza. Pesa yoyote inayoingia hukatwa kabla hujaigusa, pamoja na ada yake. Maparachichi yalikuwa yamekwenda, deni limelipwa, na hakuna ya kununulia mzigo wa kesho. Kwa hiyo akakopa tena asubuhi. Sisemi Fuliza ni wizi. Masharti yake yameandikwa na kila mtu anaweza kuyasoma. Nasema mtaji wa biashara usikae mahali ambapo deni lako la chakula linaweza kuufikia. Ukiwa unauza, hata kama ni nyanya za gorogoro moja, fungua Pochi la Biashara au chukua namba ya till, ili pesa ya mauzo ikae mbali na pesa ya tumbo. Binti yule amefanya hivyo.

Na hizo programu nyingine za mikopo, zinazokuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako, ziepukeni. Zipo zilizompigia mwajiri, mchungaji na hata mkwe wa mtu kumwaibisha kwa deni la shilingi 2,000. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilizipiga faini kampuni za namna hii, mojawapo karibu shilingi milioni 3, kwa kusumbua watu ambao hawakukopa chochote. Tangu 2022 Benki Kuu inataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, na orodha ya walio nayo hutangazwa. Kabla hujabonyeza, tafuta jina kwenye orodha hiyo. Dakika tano za kutafuta zinakutosha pia kujiuliza kama mkopo wenyewe unauhitaji.

Matapeli nao wanaishi kwa haraka yenu. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwa hii namba" umewala watu wazima wenye akili timamu, kwa sababu ulifika wakati kweli walikuwa na pesa ya kutuma. Ukiupata, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua. Mwingine atakupigia akilia kwamba amekutumia pesa kwa makosa, umrudishie, mtoto yuko hospitali. Usimrudishie. Angalia salio kwanza, kwa kuwa ujumbe unaweza kughushiwa na salio haliwezi. Kama pesa imeingia kweli, mwambie apeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, irejeshwe kwa njia yake. Nawe unapotuma, jina la mpokeaji hutokea kabla pesa haijaondoka. Lisomeni jina hilo. Nimesimama na watu kwenye foleni ya ajenti wakibonyeza "ndiyo" bila kusoma, kisha wanaanza kupiga kelele.

Muuzaji mwenzangu wa ndengu aliwahi kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja, akapima debe zima akamfungia. Pesa haikuingia hata siku moja. Mwenye biashara aangalie simu yake mwenyewe, asitazame ya mteja, na mteja wa kweli hatakasirika kungoja.

Sasa kuhusu noti. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Siku kama hiyo simu isiyo na chaji haikununulii mkate. Hata bila giza la taifa, mtandao hulala mara kwa mara, na konda wa gari la Nairobi hana subira na abiria anayesema "inakataa". Binti hasa, nakuomba usiondoke nyumbani bila pesa taslimu ya kukurudisha nyumbani. Usiku, pale stendi ya Machakos kule Nairobi, simu ikiwa imezimika au imeporwa, noti mbili ulizozikunja mahali pako pa siri zina thamani kuliko elfu ishirini zilizo ndani ya laini.

Lakini noti za kukurudisha nyumbani na za chakula cha siku moja au mbili zinatosha. Pesa ya chini ya godoro ina hatari zake, na wizi ni mojawapo tu. Mwaka 2019 Benki Kuu iliwapa Wakenya mpaka tarehe 30 Septemba kurudisha noti za zamani za shilingi 1,000. Siku ilipopita, noti za zaidi ya shilingi bilioni 7 hazikuwa zimerudi, zikawa karatasi. Baadhi zilikuwa za wezi wa mali ya umma. Nyingine, nina hakika, zilikuwa za wazee waliozificha vizuri mno.

Na mnapotoa pesa kwa ajenti, hesabuni. Kwa viwango vilivyotangazwa 2023, kutoa shilingi 200 hukatwa 29, na kutoa 2,500 hukatwa 29 hiyo hiyo. Anayetoa 200 mara tano kwa wiki amelipa 145 kupata 1,000. Aliyetoa 1,000 mara moja amelipa 29. Tofauti ile ni 116, na kwa mwezi inapita 400. Kijana anayelalamika kwamba hawezi kuweka akiba aanzie hapo.

Kadi ya benki mnaiona ya matajiri wa mjini. Kwangu kazi yake ni hii: inakaa nyumbani, haiko kwenye laini, na mwizi wa simu hawezi kuifikia. Lakini angalieni sana, maana siku hizi benki nazo zimeingia kwenye simu. Ukiunganisha akaunti zako zote na namba moja, tapeli anayefanikiwa kubadilisha laini yako amepata M-Pesa na benki kwa pigo moja. Kwa hiyo muwe na akaunti mbili. Ya matumizi iunganishwe na simu, ikae na pesa ya mwezi. Ya akiba isiunganishwe kabisa. Iwe ya kuendewa kwa miguu, na kitambulisho, siku ya kazi, mchana. Sacco inafaa zaidi, kwa kuwa hisa za sacco hazitolewi kwa papara, na ukizihitaji kwa mkopo unahitaji wadhamini, yaani watu wanaokujua watakuuliza unakwenda kufanya nini. Ule usumbufu mnaoulalamikia ndio unaoilinda pesa yenu. Chama cha akina mama wa kwetu kinafanya kazi hiyo hiyo: wanawake kumi na wawili wameketi, na pesa haitoki mpaka wote wakubali.

Benki nayo si mbingu. Kati ya 2015 na 2016 tuliona benki za Dubai, Imperial na Chase zikifungwa, na watu wakalia barabarani. Bima ya amana iliyokuwa ya shilingi 100,000 kwa mwekaji ilipandishwa 2020 ikawa 500,000. Mwenye zaidi ya hapo agawe.

Kuna neno jingine ambalo vijana hamlipendi. Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini pesa zenu ziko wapi. Namba ya siri msimpe mtu, wala mke, wala mume, wala ajenti anayejitolea kukusaidia kubonyeza. Lakini huyo mnayemwamini aandikiwe: nina laini hii, akaunti hii, sacco hii, chama hiki. Kijana akifa barabarani leo, na tunawazika wengi wa bodaboda, pesa iliyo kwenye simu yake hubaki humo mpaka wazazi walete cheti cha kifo na karatasi za urithi. Wasiojua kwamba ipo hawataiulizia. Nimeona familia ikichangisha ya jeneza huku marehemu ana akiba ambayo hakuna aliyeifahamu.

Basi mshahara wa mwezi huu ukiingia, au mauzo ya embe yakilipwa, kabla hujamtumia mtu na kabla hujanunua bando, toa fungu la akiba kwenye simu ulipeleke mahali ambapo hutalipata leo usiku. Likiwa shilingi 500, peleka 500. Kisha chukua karatasi, andika namba za watu wako wawili na ya benki yako, uiweke pamoja na zile noti za nauli. Fanya wiki hii, mjukuu wangu, simu ikiwa bado iko mkononi mwako.