Kanzu na Moyo

Watu wengi wapendao sinema hushangaa siku wanapomwona mchezaji wake kwa macho yao. Yule aliyekuwa shujaa wanamkuta mtu mwenye haya. Yule aliyekuwa wa kutisha wanamkuta mpole. Boris Karloff, Mwingereza, alijulikana sana tangu mwaka 1931 kwa kucheza lile dude la kutisha katika sinema ya Frankenstein. Lakini waliomjua walisifu upole wake. Basi wengine hunung'unika: «Alitudanganya.» Je, mchezaji ni mwongo?

Evanjili ziliandikwa kwa Kiyunani, na katika lugha hiyo mchezaji aliitwa hypokrites. Neno hilohilo ndilo linalotumiwa pale Bwana wetu Yezu Kristu anapowakemea wanafiki. Walakini wawili hao hawafanani. Mchezaji hucheza mbele ya watu wanaojua kwamba anacheza. Mchezo ukiisha huvua nguo ile, akarudi kwake kwa jina lake. Mnafiki hamwambii mtu kwamba anacheza, naye ataka asadikiwe. Uwongo basi haumo katika nguo. Umo katika nia ya kudanganya.

Lakini iko habari nyingine ya kufikiriwa. Mwaka 1954 ilitoka sinema ya Father Brown, padri mwenye akili ya kuwafumbua wezi. Aliyemcheza ni Alec Guinness, Mwingereza, wala hakuwa Mkatoliki. Walipokuwa wakiitengeneza huko Burgundy, Ufaransa, jioni moja alikuwa akirudi kwa miguu mahali alipolala, hali bado amevaa kanzu nyeusi. Mtoto asiyemjua akamkimbilia, akamwita padri, akamshika mkono, akaenda akizungumza naye bila hofu yoyote. Guinness hakuthubutu kujibu, asije akamtisha kwa Kifaransa chake kibaya. Kisha mtoto akamwaga, akaenda zake.

Mtoto alikosea juu ya mtu yule. Lakini tumaini lake lilitoka wapi? Bila shaka lilitoka kwa mapadri wa kweli aliowaona kwao, ambao majina yao hayajulikani. Guinness aliliwaza sana jambo hilo: Kanisa linaloweza kumpa mtoto tumaini la namna ile haliwezi kuwa baya kama alivyosikia. Mwaka 1956 akapokewa katika Kanisa Katolika.

Basi padri wa mchezo hakumdhuru mtoto. Nalo Kanisa limepaswa kukiri kwa aibu kwamba walikuwako mapadri wa kweli waliowadhuru watoto, wakitumia tumaini lilelile. Hapo ndipo neno mnafiki linapopata uzito wake wote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jambo hili haliwahusu mapadri peke yao. Kila mkristu alivikwa nguo nyeupe siku ya Ubatizo wake. Katekista hufundisha msamaha siku ya Dominika, na kesho yake jirani humsikia akigombana na mkewe. Je, mafundisho yake yamekuwa uwongo? Hapana. Mtakatifu Augustino aliwajibu Wadonati kwamba abatizaye ni Kristu mwenyewe, hata mkono wa mhudumu ukiwa na dhambi. Kweli haiharibiwi na kinywa kinachoisema. Lakini kinywa hicho kitahukumiwa nayo.

Afanye nini basi mtu anayeona kwamba moyo wake haujafanana na kanzu yake? Asiitupe kanzu, wala asiifanye pazia la kuficha ubaya. Akiri udhaifu wake mbele ya Mungu, amwombe radhi jirani aliyemkosea, kisha auvute moyo wake siku kwa siku uifuate nguo. Mwenye kusali kwa shida, akijua kwamba anasali kwa shida, si mnafiki, ni mwanafunzi. Watu hutazama vazi, Mungu hutazama moyo. Naye mtoto atakayeushika mkono wetu njiani hawezi kuuona moyo. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuutunza.