Mpime Damu Pamoja Kabla ya Kulaumiana

Wapendwa wanandoa, mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo nyumba nyingi hulikumbuka mgonjwa akiwa tayari kitandani na daktari anauliza: kundi lake la damu ni lipi? Baba hajui la mama, na mama hajui la baba. Wawili hawa waliahidiana mbele ya altare kuwa mwili mmoja. Kila mmoja anajua bei ya gorogoro ya mahindi, lakini hajui damu ya mwenzake.

Tena kuna usemi unaozunguka vijijini: "Damu zao hazipatani." Husemwa mke anapopoteza mimba ya pili au ya tatu. Usemi huo ukimfikia mama mkwe, yule mke huanza kuambiwa ana mkosi, na mume hushauriwa atafute mwingine. Wachumba nao huja kwenye mafundisho ya ndoa wakiuliza kama Kanisa litawakataa kwa sababu ya damu. Tuyaangalie mambo haya kwa utulivu.

DAMU ZA WATU SI SAWA

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna, nchini Austria, alionyesha kwamba damu za watu hutofautiana kwa makundi. Leo tunayajua manne: A, B, AB na O. Mgonjwa akitiwa damu ya kundi lisilomfaa, mwili wake huishambulia, na anaweza kufa.

Juu ya makundi hayo kuna alama nyingine iitwayo resasi. Aliye nayo huandikiwa jumlisha, asiye nayo huandikiwa kutoa. Huku kwetu walio wengi sana ni jumlisha. Walio kutoa ni wachache, na ndiyo maana hospitali hutaabika kuwapatia damu.

Basi hapa ndipo penye jambo la ndoa. Mke akiwa kutoa na mume jumlisha, mtoto anaweza kuwa jumlisha kama baba yake. Mimba ya kwanza kwa kawaida hupita salama. Lakini wakati wa kujifungua, damu ya mtoto huweza kuchanganyika na ya mama. Mwili wa mama huiona kama mgeni na kutengeneza kinga ya kupigana nayo. Kinga hiyo hubaki. Mimba inayofuata, ikiwa mtoto ni jumlisha tena, kinga ile huingia kwake na kuharibu damu yake. Mtoto huzaliwa na manjano kali na upungufu wa damu, au hufia tumboni.

Ona sasa. Mama aliyezaa kifungua mimba mwenye afya, kisha akazika wawili, hakulaaniwa wala hakurogwa. Na si kila mimba inayoharibika ni kwa sababu hii. Zipo sababu nyingi, na kazi ya kuzitafuta ni ya daktari, si ya majirani.

DAWA IPO

Tangu mwaka 1968 kumekuwa na sindano iitwayo Anti-D, inayouzuia mwili wa mama usitengeneze kinga hiyo. Hutolewa mimba ikiwa na wiki kama 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni jumlisha. Hata mimba ikiharibika, au mama akitokwa na damu, aulize juu ya sindano hiyo upesi. Kinga ikishakuwepo mwilini, sindano haiwezi kuiondoa. Hapo mama atahitaji kufuatwa kwa karibu na daktari kila mimba.

Dawa hiyo hutokana na damu ya watu waliojitolea. Huko Australia, James Harrison alitoa mara 1,173, tangu mwaka 1954 hadi 2018, na damu yake ilikuwa na kinga inayotumika kuitengeneza. Alifariki mwaka 2025, akiwa amesaidia watoto wengi ambao hakuwajua kwa sura.

Baba, sindano hii si ya bei ndogo, na si kila hospitali huwa nayo. Ukijua mapema kwamba mkeo anaihitaji, una miezi ya kuweka akiba na kuuliza inapatikana wapi. Ukijua siku ya kujifungua, una saa 72 tu.

MTOTO ANA DAMU TOFAUTI NA YANGU

Wapo waume ambao wamevunja nyumba kwa karatasi ya maabara. Mtoto ni O, baba ni A, mama ni B, basi baba anasema mtoto si wake. Ndugu yangu, baba wa A na mama wa B wanaweza kuzaa mtoto wa kundi lolote kati ya yale manne. Wazazi wawili walio jumlisha wanaweza kuzaa mtoto aliye kutoa. Kabla hujafungua kinywa, muulize daktari.

Mkumbuke Mtakatifu Yosefu. Alipoona jambo asiloweza kulielewa, hakumwaibisha Maria mbele ya watu. Alinyamaza, akangoja, na Mungu akamfunulia ukweli. Adamu naye, alipoulizwa, alimnyoshea mke wake kidole. Kila mume achague atamfuata nani.

MPIME LINI, NA WAPI?

Heri kupima kabla ya harusi, au kabla ya mimba ya kwanza. Mama hupimwa kliniki ya wajawazito, na majibu huandikwa katika kijitabu chake. Lakini mama akionekana ni kutoa, baba naye apimwe, kwa maana baba akiwa kutoa vilevile, hatari hii haipo. Kipimo ni tone la damu tu, na majibu hupatikana upesi.

Wengine hukwepa wakidhani watapimwa Ukimwi kwa siri. Kipimo cha kundi la damu hakionyeshi Ukimwi wala selimundu. Hivyo vina vipimo vyake, navyo ni vyema mvijue pia. Aliye na afya njema anaweza kwenda kutoa damu, nako atajulishwa kundi lake. Ila ajue kwamba damu inayotolewa hupimwa magonjwa, Ukimwi ukiwemo.

Na wachumba msiogope. Sheria ya Kanisa inavitaja vizuizi vya ndoa, na kundi la damu halimo. Hampimi ili muachane, bali ili mtunzane. Mtume Paulo anawaagiza waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe. Anayeupenda mwili wake hungoja augue ndipo auulize habari?

MJADILIANE NYUMBANI

1. Je, kila mmoja wetu analijua kundi la damu la mwenzake?
2. Kama tumewahi kupoteza mtoto, ni maneno gani yalisemwa nyumbani mwetu, na nani anahitaji kuombwa msamaha?
3. Jumuiya yetu ndogo inawezaje kumsaidia mama asiyeweza kununua sindano?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.