Nilipanda Mlimani Kumtafuta Mungu, au Kumkimbia Mama?



Kijana mwenzangu, nina hema dogo la mtu mmoja. Nililipata mtumbani kwa bei ya kutupa; zipu ya upande mmoja imekufa, lakini halivuji. Kwa miaka mitatu sasa, kila nikipata siku mbili tatu za mapumziko kazini, nafunga hilo hema, blanketi, jiko dogo la gesi, maji, mkate, Agano Jipya la mfukoni na rozari, naenda kulala mahali ambapo hakuna mtu.

Watu hawanielewi. Kwetu mtu anayelala porini peke yake ana moja kati ya mambo matatu: amefukuzwa nyumbani, anatafuta madini, au amechanganyikiwa. Hata wenzangu wa VIWAWA parokiani wananitania kwamba nakaribia kuwa mtawa wa jangwani, bado ndevu tu.

Lakini wewe uliyewahi kulala hivyo hata mara moja unajua utamu wake. Jua likishazama hakuna taa wala bando, na hakuna anayekutumia kitu ukijibu. Giza la kweli ambalo mjini hatulioni tena, na juu yake nyota nyingi mpaka unajisikia mdogo, tena bila kuumia. Unasali Baba Yetu polepole kwa sababu hakuna foleni nyuma yako. Hata hofu ina kazi yake. Usiku wa kwanza nilipomsikia perere akipiga ukelele wake juu ya mti, nilijua mtu anachinjwa. Nilisali litania nzima ya watakatifu, na wengine niliwaita mara mbili. Asubuhi nikaambiwa ni mnyama mdogo tu, mkubwa kidogo kuliko sungura. Nilicheka sana, ila sijawahi kusali kwa moyo wote kama usiku ule.

Na usidhani kwamba hamu hii ni mambo ya wazungu au ya watalii. Bwana wetu mwenyewe alikuwa nayo. Marko anasimulia kwamba baada ya jioni ndefu ya kuponya wagonjwa pale Kapernaumu, Yesu aliamka alfajiri, giza bado lipo, akaenda mahali pasipo na watu, akasali (Mk 1:35). Luka anasema ilikuwa ndiyo desturi yake (Lk 5:16). Baada ya kuwalisha watu maelfu alipanda mlimani peke yake, usiku ukamkuta huko (Mt 14:23). Kwa hiyo ukisikia kitu ndani yako kinakuvuta kwenda mbali na kelele, usikidharau. Inawezekana ni yeye anakuita.

Nimesema *inawezekana*. Hapo ndipo habari yangu inapoanza.

Mama yangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanamtoka kwa shida. Anaishi nyumbani kwetu Korogwe na dada yangu mkubwa, ambaye aliacha biashara yake ya vitenge ili amuuguze. Mimi nafanya kazi Tanga mjini. Natuma hela kila mwisho wa mwezi, na katika hilo sijawahi kukosa. Kwenda ndiyo ilikuwa ngumu. Nilikuwa naenda Jumapili moja moja, nakaa saa tatu, nasalimia, namwombea Mama, naondoka kabla ya giza.

Februari mwaka huu nilipata likizo fupi ya siku tatu. Dada akaniandikia: "Mdogo wangu, wiki hii utakuja? Nimechoka." Mimi nikamjibu, na haya maneno nayaandika hapa kwa aibu: "Dada, wiki hii nina mafungo yangu binafsi. Niombee, nami nitawaombea." Alikaa kimya karibu saa nzima. Kisha akajibu maneno matatu: "Sawa. Msalimie Mungu."

Nilikuwa nimepanga kwenda Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara. Sasa, anayejua barabara hiyo anajua kwamba basi la kutoka Tanga kwenda Mombo, kabla hujapanda kwenda Lushoto, linapita Korogwe. Lilisimama stendi. Kutoka pale hadi nyumbani kwetu ni mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda. Nilivuta kofia hadi usoni nisije nikaonwa na mtu anayenijua. Muuza mayai aligonga kioo, nikajifanya nimelala. Basi lilipoondoka nilipumua. Nikatoa rozari, nikaanza kusali. Hebu fikiria!

Mtae nilifika jioni. Sikuzote sipigi hema kabla ya kuomba ruhusa, kwa hiyo nilimtafuta mwenyekiti wa kitongoji. Ni mzee mmoja mpole. Aliniangalia, akaliangalia hema, akauliza, "Nyumba zipo, kitanda kipo, chakula kipo. Kwa nini ulale nje, mwanangu? Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, Mzee. Nakuja kusali."

"Sawa," akasema. "Kusali ni kuzuri. Na wazazi hawajambo?"

Nikasema hawajambo.

Nilipiga hema mahali aliponionyesha, ukingoni kabisa. Chini kulikuwa na tambarare kubwa ya Mkomazi, na ng'ambo milima ya Upare ikigeuka rangi jua linapozama. Mahali pazuri kupita yote niliyowahi kulala. Lakini usiku ule sikusali, nilizunguka tu. Kila nikifumba macho nasikia, "Msalimie Mungu." Kimya kina tabia hiyo, ndugu yangu. Tunadhani tukinyamaza tutaanza kumsikia Mungu mara moja, kumbe kwanza tunasikia yale tuliyokuwa tunayafunika kwa kelele.

Asubuhi ilikuwa Jumanne ya juma la 5 la Mwaka. Nilifungua Injili ya siku, Marko sura ya 7. Nilitegemea maneno matamu ya mlimani. Nikakuta Yesu anawakemea Mafarisayo na waandishi kuhusu *korbani*.

Pengine umewahi kulisoma neno hilo ukalipita, kama mimi. Korbani maana yake ni sadaka, kitu kilichowekwa wakfu kwa Mungu. Mtu aliweza kuwaambia baba na mama yake kwamba msaada ambao wangeupata kwake sasa ni korbani, yaani umeshatolewa kwa Mungu. Baada ya kusema hivyo aliachiliwa asiwatendee tena wazazi wake lolote. Kwa nje anaonekana mcha Mungu kuliko wote. Yesu anasema kwamba kwa namna hiyo wanalitangua neno la Mungu mwenyewe, aliyeamuru baba na mama waheshimiwe (Mk 7:9-13).

Nilifunga kitabu. Siku zangu tatu zilikuwa korbani. Hema langu lilikuwa korbani. Nilikuwa nimechukua muda wa Mama, nikauandikia jina la Mungu, kisha nikautumia mwenyewe.

Sikukaa hata kunywa chai. Nilikunja hema likiwa bado na umande. Mzee mwenyekiti aliponiona na mzigo begani hakushangaa. Nikamwambia, "Mzee, jana nilikudanganya. Mama yangu mgonjwa." Akasema, "Basi nenda, mwanangu. Mlima haukimbii."

Katika basi la kushuka nilimkumbuka nabii Eliya. Naye alikimbia. Alikwenda jangwani akimkimbia Yezebeli, akachoka mpaka akaomba afe, malaika akamlisha, akatembea siku 40 hadi Horebu (1 Fal 19). Sisi hupenda sehemu ya upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo ya utulivu. Tunasahau kwamba mara mbili Mungu anamwuliza swali lile lile: anafanya nini pale? Ni kama swali la mzee wa Mtae. Na baada ya ile sauti ya utulivu Mungu hamwambii ajenge kibanda abaki. Anamwambia arudi kwa njia aliyojia, kuna kazi na kuna watu. Hata Yesu, wanafunzi walipomfuata kule alikokuwa anasali wakamwambia kila mtu anamtafuta, aliinuka akaenda vijijini kuhubiri (Mk 1:36-39).

Nyumbani nilifika jioni. Dada alikuwa anafua mashuka. Hakuniuliza kitu. Nilimwambia, "Dada, nimekosa. Leo nenda kalale, usiku huu ni wangu." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia. Mimi pia.

Usiku ule nikajifunza kazi ambayo kwa miaka miwili nilikuwa nailipia tu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya mgongo. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Saa nane usiku nilimgeuza Mama, nikamwekea mto mgongoni, akanishika mkono kwa ule wa kushoto wenye nguvu. Hakusema kitu. Nje kimya, umeme umekatika, giza kabisa. Nikasali Baba Yetu polepole. Sisemi kwamba niliona maono. Nilikuwa na usingizi na mgongo uliniuma. Ila nilijua niko mahali ninapotakiwa kuwa, jambo ambalo usiku uliotangulia, pamoja na nyota zote zile, sikulijua.

Je, nakwambia uache kwenda mlimani? Hapana. Nakwambia ukague mzigo wako kabla hujaondoka.

Mtazame Mtakatifu Antoni wa Misri, tunayemkumbuka tarehe 17 Januari, baba wa watawa wote wa jangwani. Wazazi wake walipofariki alikuwa kijana wa miaka kama 18 au 20, na alikuwa na dada yake mdogo. Aliposikia Injili ikimwita kuacha vyote, aliuza mali. Lakini kabla ya kuanza maisha yake mapya alimkabidhi dada yake kwa mabikira waaminifu wamlee. Jangwa la Antoni halikuacha mtu nyuma akilia.

Au Mtakatifu Charles de Foucauld, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Huyu alikwenda kuishi Tamanrasset, ndani kabisa ya jangwa la Sahara huko Algeria, na mwaka 1911 akawa na kibanda kingine juu ya mlima Assekrem. Mbali kuliko huko utaenda wapi? Na bado alikuwa na watu: alijifunza lugha ya Watuareg akaiandikia kamusi, na alitaka kuwa ndugu kwa kila mtu. Mwaka 1908, wakati wa ukame, aliugua karibu kufa. Walewale aliokwenda kuwahudumia wakamtafutia maziwa ya mbuzi, naye akapona. Upweke wake ulikuwa na mlango wazi.

Basi, kijana mwenzangu, kabla hujafunga begi jiulize mambo haya. Nani atabeba mzigo wangu nikiwa huko, na je, amekubali? Kuna simu gani ninayoiogopa kuipokea? Nikirudi nitakuwa mwepesi zaidi kwa watu wa nyumbani, au nitakuwa nawadharau kwa kuwa hawajaona nyota nilizoziona? Jambo la mwisho ni la kawaida tu: omba ruhusa kwa wenyeji, hifadhini fuata taratibu na kibali, usiwashe moto msituni, na mtu mmoja ajue uliko na siku ya kurudi, hasa ninyi dada zetu. Kumtumaini Mungu si kumjaribu.

Kama huna mlima, adorasheni ipo parokiani. Kiti cha nyuma, saa moja, simu imezimwa. Hilo nalo ni jangwa.

Hema bado ninalo. Siku hizi wikiendi moja kati ya mbili niko Korogwe, na hiyo haina mjadala. Kwaresima iliyopita nilichukua siku nne za likizo, nikamwambia Dada aende yeye. Alikwenda mafungo kwenye nyumba moja ya masista huko huko milimani. Aliporudi nilimwuliza alisali nini. Akacheka: "Siku ya kwanza nililala tu, mdogo wangu. Ya pili nikamsalimia Mungu. Na wewe amekusalimia."

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyependa mahali pa upweke na bado hukumwacha mtu yeyote akikungoja bure, utufundishe kwenda pembeni pamoja nawe, na kurudi pamoja nawe. Uwape nguvu wote wanaouguza usiku huu, na utuonyeshe leo yule tunayemkimbia. Amina.