Siri ya Rafiki na Pumzi Yake



Kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu aliniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu papo hapo, na hata nilipomjibu nilijiona nimemjibu kwa ulimi ilhali moyo ungali unatafuta. Swali lenyewe ni hili: mtu akiaminiwa siri na rafikiye, kisha siri ile ikawa yaweza kumdhuru yule yule rafiki aliyeitoa, je, kuihifadhi ni amana au ni khiyana? Nimeona nililete hapa pamoja na kisa chake, kwani hapana shaka wako wengi miongoni mwetu waliokaa na siri kama hiyo, wala hawakupata wa kumuuliza.

Vijana sita wa darsa walikusanya fedha zao kidogo kidogo muda wa miezi, wakakusudia kwenda Tiwi siku mbili za mwisho wa juma ili wafundishwe kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma kwa upole na bahari ni safi, kwani kusi ikishaingia maji huchafuka na mawimbi yakakataza. Walinitaka niende nao, nami nikaenda, nusu kwa kuwachunga na nusu, nakiri, kwa kutaka kuona. Tulivuka Likoni baada ya Alfajiri ya Jumamosi, tukashika njia ya kusini karibu kilomita 20, tukateremka Tiwi jua lingali changa.

Kabla sijafika kwenye swali yapasa niseme neno juu ya mchezo wenyewe, kwani wako wazee waliotuambia tuliporudi kuwa asili ya kosa ni kwenda huko, na kwamba haya ni mambo ya Wazungu yasiyomhusu mwana wa Kiislamu. Mimi siwafuati katika hilo. Chombo hiki cha kuvutia pumzi chini ya maji kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, mwaka 1943, lakini kuzamia baharini hakukuzaliwa mwaka huo. Qur'ani imewataja wazamiaji katika habari za Nabii Suleiman. Jamaa zetu wa Bahrain na Kuwait waliishi kwa lulu kabla ya mafuta, na wavuvi wetu wa Kidigo mpaka leo huingia mwambani kumtafuta pweza kwa pumzi zao wenyewe. Na tusiende mbali. Mwaka 2019, tarehe 29 Septemba, gari liliteleza kutoka katika feri ya Likoni likazama na mama na mtoto wake. Watu wakasimama ng'ambo zote mbili wakitazama maji, hata tarehe 11 Oktoba ndipo lilipotolewa, kutoka kina cha zaidi ya mita 50. Wazamiaji wa jeshi la majini walifanya kazi hiyo, na wengine wakaja kutoka Afrika Kusini. Nilijiuliza siku zile, sisi tuliozaliwa juu ya bahari hii, ni wangapi katika watoto wetu wangaliweza kuingia kuwatafuta wale maiti? Elimu ambayo mji mzima waihitaji wala hapana mtu wa mji aijuaye, maulamaa wana jina lake, nalo ni faradhi ya kutosheleza. Basi mchezo si kosa. Kosa, kama lipo, tulitafute pengine.

Siku ya kwanza mwalimu aliwakalisha chini akawapa kila mmoja karatasi ya maswali juu ya afya yake. Je, una ugonjwa wa moyo? Je, una kifafa? Je, una pumu, au uliwahi kuwa nayo? Walijaza, wakatia saini. Kisha akawaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijui, nikalisikiliza kama mwanafunzi. Alisema kuwa maji yana uzito, na kila mita 10 mtu anazoshuka huongezeka mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya ardhi. Ukichukua kibofu kilichojaa hewa ukakiteremsha mita 10, hunywea kikawa nusu. Na ukikijaza huko chini ukakipandisha, hufura mara mbili, na huenda kikapasuka. Mapafu ya mwanadamu ni kibofu hicho. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kutozuia pumzi kamwe, mtu avute na kutoa daima, na apande polepole. Na mwenye pumu hukhofiwa kwa sababu njia zake za pumzi zaweza kubana hewa ikafungika ndani, kifua kikapata madhara ilhali mwenyewe hakuzuia pumzi. Akaongeza kuwa si kila mwenye pumu hukatazwa; yuko ambaye daktari humpima akamruhusu. Lakini sharti aseme.

Sharti la pili ni kuwa hapana mtu azamiaye peke yake. Wawili wawili, kila mmoja amtazame mwenziwe, na kila mmoja ajue kipimo cha hewa cha mwenziwe kama ajuavyo chake. Na katika vyombo wanavyovaa mna jambo lililonishangaza. Kila mzamiaji ana mipira miwili ya kuvutia pumzi. Mmoja huutia kinywani mwake, na wa pili huning'inia kifuani, nao si wake, ni wa mwenziwe, hewa ikimwishia mwenziwe huko chini. Mtu anashuka baharini amebeba pumzi ya mtu mwingine.

Jumapili asubuhi wakatoka kwa boti kupita nje ya mwamba. Mimi nilikaa ndani ya boti na tasbihi yangu. Wakashuka. Baada ya dakika chache nikaona mapovu mengi mahali pamoja, kisha mwalimu akatokea amemshika kijana mmoja kwa mkono, na nyuma yake yule aliyefungwa naye jozi. Wakampandisha botini. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi, macho yamemtoka. Mwalimu akauliza, "Ana nini huyu?" Wote kimya. Akauliza tena. Hapo ndipo yule wa jozi yake alipopaza sauti akasema, "Ana pumu! Dawa yake iko kwenye mfuko, pwani!"

Sitarefusha. Boti ilirudi kwa haraka, dawa ya kuvuta ikapatikana chini kabisa ya mfuko, imeviringwa ndani ya kikoi ili mtu asiione. Akapelekwa kwa tabibu, na kwa fadhila za Mwenyezi Mungu jioni alikuwa anakunywa uji. Lakini nilimsikia mwalimu akisema kuwa kwenye mita kumi na kitu kijana yule alianza kutapatapa, akataka kuruka juu kwa nguvu, na lau si kumshika angalipanda kama kizibo. Msomaji amekwisha kuelewa maana yake ni nini kwa aliyesikia habari ya kibofu.

Alasiri tulikwenda kuswali katika msikiti wa Kongo, ule wa kale uliopo penye mlango wa mto Mwachema, uliozungukwa na mibuyu. Tulipotoka, yule kijana wa jozi alinivuta kando chini ya mbuyu mmoja, akaniambia, "Shekhe, mimi nilikuwa najua. Aliniambia tangu Mombasa. Akaniapisha, nami nikaapa Wallahi simwambii mtu. Nilimwona akiandika 'hapana' kwenye karatasi, nikanyamaza." Nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini ulinyamaza?" Akanijibu, "Si wewe uliyetufundisha ya kwamba mwenye kumsitiri nduguye Mwenyezi Mungu atamsitiri? Na kwamba mazungumzo ya kikao ni amana?"

Ndugu msomaji, jawabu hilo lilinichoma. Ni kweli nilifundisha. Nimefundisha hivyo miaka mingi katika darsa, na watu wakaitikia kwa vichwa, na wala sikumbuki siku niliyoketi nikaeleza sitara huishia wapi. Nusu ya elimu ilimfikia kijana huyu, naye akaifuata kwa uaminifu, ikakaribia kumzika rafikiye.

Basi nusu ya pili ni hii, ingawa imechelewa. Sitara tuliyoamrishwa ni ya aibu iliyokwisha kutendeka na mwenyewe ameiacha au anaionea haya. Mtu aliteleza, ukamwona, huna haja ya kumtangaza. Ama jambo ambalo bado halijatokea, na kunyamaza kwako ndiko kutakakolifungulia mlango, hilo halimo katika sitara. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ambaye vitabu vyake hatuachi kuvisoma katika misikiti yetu, ametaja katika Riyadhus-Salihin sababu sita ambazo kwazo yahalalika kumtaja mtu kwa jambo asilopenda litajwe, na mojawapo ni kuwahadharisha Waislamu na shari na kuwapa nasaha. Na dalili mashuhuri ni ya Fatima binti Qays, alipokuja kumshauri Mtume (S.A.W.) kwa kuwa ameposwa na watu wawili. Mtume hakumwambia kuwa hayo ni mambo ya watu. Alimwambia ila ya huyu na ila ya huyu, kisha akamshauri aolewe na Usama. Na hao walikuwa masahaba! Ama hadithi ya watu wa jahazi, wa chini waliotaka kutoboa sehemu yao, kila mtu anaijua nami sitairudia.

Huenda akatokea mtu akasema: kijana mwenye pumu alikuwa anahatarisha nafsi yake tu, na nafsi ni yake. Namjibu kwa mambo mawili. Kwanza, nafsi si yake, ni amana aliyopewa, na ndiyo maana kujiua ni haramu. Pili, chini ya maji hakuna nafsi ya mtu mmoja. Wazamiaji wa lulu wa Ghuba walilijua hili kabla ya Wafaransa. Mzamiaji alishuka na jiwe mguuni, na juu ya jahazi alisimama mtu wake, saibu, ameshika kamba. Akisikia kamba imetikiswa huvuta mara moja, wala hana ruhusa ya kushughulika na lingine. Sasa fikiria saibu anajua kuwa mtu wake ana kifua kibovu, akaona haya kumwambia nahodha! Na mwalimu wetu wa Tiwi, aliyemshika kijana akapanda naye, alikuwa ana mke na watoto, naye alishuka na mgonjwa akidhani ameshuka na mzima. Mtu mmoja alinidokeza kuwa mwalimu si Muislamu, basi siri ya Muislamu haimhusu. Nilimtazama nisimjibu. Kudanganywa katika jambo la uhai wako hakuangalii dini yako.

Lakini na hapa pana mpaka, na watu wetu wakifunguliwa mlango huu kidogo huuvunja wote. Kijana huyu hakupaswa kusimama pwani akatangaza ugonjwa wa mwenziwe kwa vijana wote. Kwanza amwambie mwenyewe faraghani: ama useme wewe, ama nitasema mimi, na muda wako ni mpaka tupande boti. Akikataa, amwendee mwalimu peke yake, amwambie neno moja tu lenye haja, wala asiongeze la pili. Kuhusu kiapo, tumefundishwa kuwa aliyeapa juu ya jambo kisha akaona lililo bora kuliko hilo, atende lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Naye alikivunja, maskini, lakini alikivunja ndani ya boti, mwenziwe ameshabadilika midomo. Kafara ni ile ile, mapema au kwa kuchelewa: chakula cha masikini kumi, au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu.

Lililobaki ndilo linalonisumbua zaidi. Pumu si aibu. Kijana hakuiba, hakuzini, hakulewa. Kwa nini basi aviringe dawa yake ndani ya kikoi? Nadhani kwa kuwa amekulia katika nyumba zetu, na nyumba zetu huficha maradhi kama zifichavyo madhambi. Kifafa hufichwa mpaka harusi ipite. Kifua kikuu huitwa homa. Mzee aliyepungukiwa na macho huendelea kuendesha gari la abiria, na wanawe wanajua. Na mposaji akiulizwa habari zake kwa jirani, jirani husema "mtu mzuri," hali anajua alijualo, kisha binti wa watu akirudi kwao na watoto wawili, jirani yule yule huwa wa kwanza kusema, "Mimi nilijua zamani." Tumeiita hali hii heshima na murua. Lau kijana yule angaliandika "ndiyo" kwenye karatasi, huenda daktari angalimpima akamruhusu, au akamkataza akakaa na mimi botini, nami ningalifurahi kupata wa kuzungumza naye.

Nilimwambia mwulizaji maneno haya kwa mapana, si siku ile chini ya mbuyu, bali juma lililofuata, baada ya kurejea vitabuni. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kafara yaweza kutolewa mchele. Nikamwambia ndiyo. Ameutoa, kwa masikini kumi wa mtaani kwao. Mwenziwe angali anahudhuria darsa, lakini hukaa nguzo ya mbali, na mpaka ninapoandika haya bado hajasema naye, kwa kuwa alimtolea siri yake mbele ya watu.