Skafu Inayokubali Kulala Shingoni

Mwanangu, keti. Haya nimewaambia dada zako, nimewaambia na majirani, leo nakuambia wewe, kwa kuwa naona umeshanunua madonge matano ya uzi mnene, na skafu uliyoianza inasimama yenyewe kama jamvi lililokunjwa. Baridi ya Njombe mwezi wa Juni hupenya palepale penye mwanya, na skafu ngumu huacha mianya kila upande.

Umechagua uzi kwa rangi. Rangi ije mwisho. Soma kwanza karatasi iliyozungushiwa donge: tazama gramu, kisha mita. Gramu 100 zenye mita 400 ni uzi mwembamba, huo ndio wa skafu. Gramu 100 zenye mita 100 ni uzi mnene. Uache, hata muuzaji akiusifu namna gani. Ufumaji wa kroshia hurundika vitanzi, kitambaa kikatoka kinene kuliko cha sindano mbili. Ukianza na uzi mnene, umejitwisha unene juu ya unene.

Halafu uliza uzi umetokana na nini. Pamba ni nzito na haivutiki: nyembamba hulala vizuri, nene huelemea shingo na kurefuka kila ukiivaa. Sufu ya kondoo ina joto, ila ni ya kujikunja na kurudi, basi itafute nyembamba isiyosokotwa kwa kukazwa. Hariri, alpaka na uzi wa mianzi huteremka vyenyewe. Najua maduka yetu yamejaa akriliki, na sikukatazi. Mfuko wako naujua. Chagua iliyo laini, na ukimaliza kufuma pitisha pasi ya mvuke juu yake bila kuigusa. Italegea, na haitarudi tena ilivyokuwa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande.

Kroshia nayo iwe kubwa. Karatasi ikisema milimita 4, shika ya 5 au 5.5, na ufume vitanzi virefu. Usikaze mkono, mwanangu. Naona vidole vyako vinavyoubana uzi huo.

Sasa hiki kipande cha kujaribia, ambacho hakuna anayetaka kukifuma. Sentimita 15 kwa 15. Kioshe, kikauke, kisha kitundike juu ya kidole. Pembe zikishuka zikagusa mkono, endelea. Zikibaki zimenyooka, ongeza ukubwa wa kroshia au badilisha uzi. Unaona ni kupoteza jioni nzima. Dada zako waliona hivyo hivyo, na skafu zao ziko kabatini.

Fumua skafu yako hiyo leo. Madonge yale yatafaa kofia, maana kofia inataka uzi unaosimama. Kesho ununue donge moja jembamba la kujaribia, na umwombe muuzaji akuwekee jingine lenye namba ile ile ya mkupuo wa rangi. Ukichelewa ataliuza, na litakalokuja huenda lisifanane.