Subira ya mwombaji isiwe kisingizio cha mwenye faili

Mgeni aliyeomba uraia akakaa miaka bila jibu husikia neno moja kila mlango anaobisha: subiri. Wengine humwongezea na mawaidha, kwamba subira ina malipo makubwa. Ni kweli. Lakini malipo hayo ni ya anayengoja. Je, subira yake inampa ruhusa yule anayechelewesha?

Nikilizungumza jambo hili na wenzangu hapa Morogoro, hujibiwa kuwa uraia si haki ya mgeni bali ni hisani ya nchi, na mwenye hisani hapangiwi siku. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nchi inaweza kukataa. Lakini kukataa nako ni jibu, na jibu huwa deni mara tu ofisi inapopokea fomu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha kulipa deni, huko ni kudhulumu. Nani kasema deni ni fedha tu?

Tazama Sheria ya Uraia ya 1995. Inamtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia hapo. Haimlazimishi Waziri kutoa sababu ya kukubali au kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Yaani miezi ya mwombaji imehesabiwa barabara, lakini miezi ya faili kukaa mezani haikuhesabiwa.

Matokeo yake tumeyaona. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2007 serikali iliwapa hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia, na wengi wakaomba. Kufikia 2010 zaidi ya watu 162,000 walikuwa wamekubaliwa, nao walitakiwa kuukana uraia wa Burundi. Hata hivyo vyeti vilizuiwa, kwa kuwa ilipangwa kwanza wahame makazi yale na kutawanywa mikoani. Mwaka 2011 mpango wa kuwahamisha ukasimamishwa. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu wazazi wake walipokubaliwa, alikuwa amemaliza la saba.

Nchi yetu ilisifiwa kwa ukarimu ule, na ilistahili. Lakini katika miaka ile minne, mtu yule alikuwa raia wa wapi? Angejenga nyumba ya kudumu au ya kuhama? Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Morogoro tuna mifano yetu. Milimani Uluguru, ardhi ilikuwa ya koo. Mgeni aliyetaka kulima aliomba kwa wenye ukoo, na akionyeshwa shamba hutoa ngoto, alama ya kutambua wenyewe ni nani. Ombi la namna hiyo lina msimu wake. Mkulima akijibiwa mvua zimekwisha, hata akikubaliwa amekataliwa. Na pale Mazimbu, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa ardhi 1977, wakajenga shule, hospitali na nyumba, mpaka walipoyakabidhi yote kwa serikali yetu 1992. Hawakuwa raia, lakini walijua hadhi yao. Mtu anayejua hadhi yake hupanga maisha.

Itasemwa, usalama wa nchi kwanza. Nakubali, mwombaji achunguzwe kuanzia kwenye kata mpaka juu. Ila kama ni mtu hatari, hatari yake haipungui kwa faili lake kulala kabatini. Miaka yote hiyo yumo humu humu nchini. Anayeogopa usalama ndiye angepaswa kuharakisha uchunguzi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mwache barazani hujampa jembe wala hujamwambia aende. Basi mwombaji aambiwe faili lake lipo wapi na jibu litatoka lini. Akikataliwa, aambiwe amekataliwa. Mwenye faili naye ana subira yake: asome karatasi zote mpaka mwisho, kisha aandike ndiyo au hapana.