Nembo Isiyo Yake

Soma Yoshua 9:3–6. Wagibeoni walianza kudanganya kwa viatu vikuukuu, kabla hawajafungua kinywa.

Baadhi ya vijana hununua Subaru Impreza ya kawaida, wakaibandika nembo ya STI na kuifunga boneti yenye tundu. Katika STI halisi, tundu hilo hupitisha upepo wa kupoza hewa ya turbo. Pasipo turbo ni pambo tu. Mwenye gari akipenda pambo, na alipende. Hakuna aliyeibiwa.

Lakini siku ya kuuza, mnunuzi akitaja bei ya STI, muuzaji akanyamaza? “Hakuuliza,” husema wengine. Hoja nyepesi hiyo: nembo imekwisha kumjibu, na aliyeibandika ndiye msemaji.

Mkulima wa Kyela analijua jambo hili kwa uchungu. Mchele wa kwingine hutiwa katika magunia yenye jina la Kyela na kuuzwa mijini. Mlaji hukosa harufu aliyoilipia. Mkulima wa Ipinda, ambaye hata sokoni hakuwepo, huharibiwa jina.

Jadilini: Israeli, ingawa walidanganywa, walishika kiapo chao (Yoshua 9:19). Je, aliyeuziwa gari la namna hii, akigundua baadaye, aweza kuliuza kama alivyouziwa?